Anayetuletea Sahani Naye Ale



Nawaandikia, ndugu zangu wa Dodoma, wenyeji na wageni, kuhusu watu tunaoonana nao kila siku na ambao wengi wetu hatujui hata majina yao. Dada aliyekuwekea supu na chapati asubuhi kabla hujapanda gari la kwenda Mtumba. Kijana anayezunguka na jagi la maji ya kunawa, akiinama meza baada ya meza. Binti wa baa ya Area D anayekumbuka oda ya watu wanane bila kuiandika. Mvulana wa mnada wa Msalato anayekimbia Jumamosi nzima kati ya jiko la nyama choma na meza zilizopangwa juani, ubao wa nyama mkono mmoja, pilipili na ndimu mkono mwingine. Nina ombi juu yao: walipwe mshahara wao wa kisheria, wote na kwa wakati. Na sisi tunaokula tuwaachie bakshishi mkononi, iwe asante. Isigeuke kuwa mshahara wao, na isiwe bei ya kitu kingine chochote.

Ombi hili lingeweza kutolewa Mwanza au Tanga. Nalitoa Dodoma kwa sababu mji wetu una jambo lake. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, na kwa miaka zaidi ya 40 tukawa mji wa kungoja. Kisha mambo yakaja kwa kasi. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza papa hapa, Siku ya Mashujaa, kwamba serikali inahamia. Aprili 26, 2018 manispaa ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilikuwa imetuhesabu 410,956. Ile ya 2022 ikatukuta 765,179. Tangu treni ya umeme ianze kufika hapa Julai 2024, mtu anaondoka Dar es Salaam alfajiri na chakula cha mchana anakula Dodoma. Watu wote hawa wanahitaji kula, na wengi wao hawana jiko hapa: wapo kwa kikao, kwa semina, kwa kufuatilia faili, kwa Bunge. Wanakula mgahawani, na wengi wanakula kwa fedha ya posho.

Nasema posho bila ubaya wowote. Mtumishi aliyesafirishwa na ofisi anastahili kulala na kula. Lakini tuziweke tarakimu mezani tuzitazame. Julai 2022 serikali ilipandisha posho ya kujikimu ya safari za ndani: kiwango cha juu kikatoka shilingi 120,000 hadi 250,000 kwa siku, cha chini kikafika 100,000. Miezi sita baadaye, Januari 1, 2023, ikaanza kutumika amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi. Kwa mfanyakazi wa mgahawa, nyumba ya wageni au baa, amri hiyo iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi. Amri iliyotangulia, ya mwaka 2013, ilikuwa imeweka 130,000. Kwa takribani miaka kumi, vitunguu vikipanda, mafuta ya kula yakipanda, kodi ya chumba Chang'ombe na Nkuhungu ikipanda na mji, aliyetuletea sahani aliongezewa shilingi 20,000. Siku moja ya posho ya kiwango cha juu ilizidi mshahara wake wa mwezi mzima. Siku mbili za posho ya chini kabisa nazo ziliuzidi. Na watu hawa wawili wanaonana kila siku, mmoja amekaa, mwingine amesimama.

Mwaka 2025 kulikuwa na habari njema, na sitaki kuipita. Mei Mosi ile, Singida, hapa hapa kwenye uwanda wetu wa kati, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000. Oktoba ikaja zamu ya sekta binafsi: wastani wa kima cha chini ukapandishwa kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 1, 2026. Kila sekta ina jedwali lake ndani ya amri hiyo mpya. Mwenye mgahawa alisome, na mhudumu naye alisome, kwa sababu nyongeza iliyotangazwa redioni haina maana kwa mtu ambaye hata kile cha zamani hajawahi kukipata.

Hapo ndipo penye kidonda. Wahudumu wengi hawana mshahara wa mwezi hasa. Wana posho ya siku: elfu chache anazopewa jioni baada ya mauzo kuhesabiwa, pungufu ikiwa siku imekuwa mbaya, hakuna kitu ikiwa ameumwa. Ukimuuliza tajiri, atakwambia, "Huyu si mwajiriwa, ni deiwaka." Sheria haikubaliani naye. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu aliyekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa wako, hadi wewe uthibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Mhudumu wa Dodoma anazimaliza kabla ya wiki kwisha.

Nifanye hesabu ya dada anayefika kazini saa moja asubuhi na kuondoka saa tatu usiku. Ukitoa saa moja ya kupumzika, amefanya kazi saa 13. Kwa siku sita ni saa 78. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya 2004 pia, inaweka saa 45 kwa wiki. Zinazozidi ni saa za ziada zinazolipwa mara moja na nusu, na hata hizo zisizidi 50 katika wiki nne. Dada huyu amezidisha 33 katika wiki moja. Tuchukue ile 150,000 na tuchukulie kwamba analipwa kamili: kwa saa za kisheria, kila saa ilimpa shilingi 769. Kwa saa 338 alizosimama kweli ndani ya siku 26, kila saa ilimpa 444. Saa nzima ya kwenda na kurudi jikoni na tabasamu juu yake, na akitoka hapo hiyo saa haikumnunulia soda aliyoipeleka mezani.

Kuna mengine ambayo sheria imeyasema na baa zetu hazijayasikia. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Siku ya mapumziko ukiifanyia kazi, malipo ni mara mbili. Baina ya kufunga na kufungua, mtu apumzike saa 12 mfululizo, na hata mkikubaliana kwa maandishi kuzipunguza, zisiwe chini ya 8. Anayefunga kaunta saa saba usiku na kuitwa saa moja asubuhi kuandaa chai amepewa saa sita, na humo ndani atafute bodaboda, afike Ihumwa au Nzuguni, aoge, alale, aamke.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo moja linaloniumiza kuliko yote, nalo ni makato. Glasi imevunjika, mhudumu amekatwa. Mteja kaondoka bila kulipa, mhudumu amekatwa bili nzima. Chakula kimerudishwa jikoni kwa sababu mpishi alizidisha chumvi, mhudumu amekatwa. Mwezi unakwisha na binti anadaiwa na mahali anapofanya kazi. Sheria ile ile ya Ajira na Mahusiano Kazini inaruhusu kukata kwa hasara, lakini kwa masharti: hasara itokee akiwa kazini na kwa kosa lake yeye, aandikiwe sababu, kiasi na jinsi kilivyohesabiwa, apewe nafasi ya kujitetea, makato yasizidi hasara yenyewe, wala yasizidi robo ya ujira wake. Mtu aliyekimbia na bili yako kupitia mlango wa nyuma si kosa la dada aliyekuwa jikoni akisubiri ndizi ziive. Na wewe mteja unayetoka nje "kupokea simu" na kupanda bajaji, naomba ujue kwamba si tajiri uliyemkimbia.

Sasa bakshishi. Zamani, na zamani yenyewe si mbali, mhudumu alipata chochote kutokana na chenji. Bili elfu nane na mia tano, unatoa elfu kumi, unasema, "Baki nayo." Siku hizi tunalipa kwa Lipa namba. Bili elfu nane na mia tano inalipwa elfu nane na mia tano kamili, ujumbe unaingia kwenye simu ya kaunta, tunanyanyuka. Sidhani kama kuna mtu aliyekusudia ubaya. Njia ya kulipa imebadilika, na ile jero, ile buku iliyokuwa inabaki mezani imepotea bila mtu kuitolea uamuzi. Na ukiongeza bakshishi ndani ya malipo ya simu, inaingia kwa mwenye mgahawa, na kumfikia mhudumu kunategemea moyo wake.

Kwa hiyo naomba tubebe noti ndogo. Ukila wali nyama, acha mia tano. Mkila familia nzima kuku wa kienyeji na ugali na mlenda na bili ikafika elfu sitini, acha elfu tano. Ukiwa huna, sema asante ukimtazama usoni, na siku nyingine ukumbuke. Mpe mkononi, mbele ya watu, umwambie ni yake. Nimesikia wengine wakisema, "Nimeshalipa asilimia 18 kwenye risiti." Asilimia 18 ile ni kodi ya ongezeko la thamani, inakwenda TRA, mhudumu hana senti humo. Na tafadhali, bakshishi isiwe kisingizio cha kuomba namba yake ya simu ili "nikutumie". Wapo wanaume wenzangu, wenye vyeo na wasio na vyeo, wanaodhani kwamba elfu kumi waliyoiacha juu ya meza imenunua haki ya kumshika binti mkono, kumvuta akae, kumngoja saa ya kufunga. Haijanunua kitu. Sheria ya kazi inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi, na mwenye baa anayemwambia binti "vumilia, huyu ni mteja mkubwa" ameacha kuwa mwajiri, amekuwa dalali. Ukiwa mezani na mwenzako anafanya hivyo, mkemee wewe. Yeye binti akimkemea, kesho hana kazi.

Na tusitegemee bakshishi ifanye kazi ya mshahara. Marekani walikwenda njia hiyo. Kule, kwa sheria ya shirikisho, mfanyakazi anayepokea bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri wake dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991. Iliyobaki hadi kufikia kima cha chini inategemewa itoke mifukoni mwa wateja, na mwajiri hujazia pale tu inapopungua. Matokeo yake mhudumu anaamka hajui kama atalipa kodi ya nyumba, na anavumilia mkono wa kila mlevi kwa sababu mlevi ndiye anayemlipa. Baadhi ya majimbo yao yameshaiacha njia hiyo. Uingereza, tangu Oktoba 1, 2024, sheria inamlazimisha mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi yote, asikate chochote isipokuwa kodi. Hilo la Uingereza wenye migahawa wa Dodoma wanaweza kulianza kesho bila kungoja sheria yoyote: sanduku moja kaunta, daftari moja, igawanywe kila Jumapili mbele ya wote, na muosha vyombo na mpishi wakumbukwe, maana hao mteja hawaoni kabisa.

Ninyi wenye migahawa siwaoni kama maadui. Najua pango la fremu za katikati ya mji lilivyopanda tangu serikali ihamie. Najua Bunge la bajeti likianza Aprili mnahangaika kutafuta viti, na likifungwa mwishoni mwa Juni mnabaki mkitazamana na meza tupu. Najua daftari la wanaokula na kuahidi mwisho wa mwezi. Mama lishe wa Sabasaba mwenye jiko moja na msaidizi mmoja simtwishi mzigo wa hoteli yenye kumbi tatu. Kwake naomba tu aandike siku za msaidizi wake na amlipe jioni ile ile. Lakini wewe mwenye ghorofa, jenereta na kaunta mbili, mshahara wa watu wako ni gharama ya biashara sawa na mchele na umeme. Hakuna anayemwambia TANESCO mwezi huu biashara ilikuwa mbaya. Ikibidi chipsi kuku ipande mia tano, pandisha. Sisi wateja tutailipa, na naomba hapa kwa niaba yangu na yenu mnaosoma: tuilipe bila kelele. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Dodoma imepata wageni wengi katika miaka hii kumi, na mabinti wa Mpwapwa, Kondoa, Bahi na Manyoni wanaowahudumia wageni hao wana haki ya kupona nao.

Ombi langu kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwenye meza nyingine kabisa. Fedha nyingi inayoliwa katika kumbi za mji huu ni ya umma. Wizara, taasisi, vyuo na halmashauri zinakodi kumbi, zinaagiza chai ya saa nne, chakula cha mchana na maji ya chupa kwa watu mia moja, siku tano mfululizo. Zabuni zinapita kwenye mfumo wa ununuzi wa umma, NeST. Maofisa ununuzi, mnaposoma karatasi za mzabuni wa chakula, mnaangalia leseni na namba ya mlipakodi. Ulizeni na haya: wafanyakazi watakaosimama ukumbini wana mikataba ya maandishi? Michango yao ya hifadhi ya jamii inapelekwa NSSF, kwa majina yao? Mzabuni amesajiliwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ili dada akiungua na chai ya birika la lita ishirini apate matibabu na fidia? Mshahara wake unafika kiwango cha amri? Haya si masharti mapya. Yote yako kwenye sheria za nchi, na mnunuzi wa umma hapaswi kununua kwa anayezivunja. Halafu mlipeni mzabuni kwa wakati. Ankara ya ukumbi ikikaa miezi mitano bila kulipwa, wa kwanza kulala njaa ni aliyeosha vikombe.

Waheshimiwa wabunge, ninyi mnakula hapa miezi kadhaa ya mwaka. Mnawajua wahudumu hawa, wengine mnawaita kwa majina. Mnapojadili bajeti ya kazi na ajira, wasemeeni. Ulizeni maofisa kazi ni wangapi kwa mkoa huu, na mara ngapi wameingia jikoni na kuomba kuona daftari la mishahara.

Na ninyi wahudumu wenyewe, dada zangu na wadogo zangu, niwaachie la kufanya leo. Nunua daftari dogo. Andika kila siku saa uliyofika, saa uliyoondoka, ulicholipwa, ulichokatwa na sababu uliyoambiwa. Omba maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Ni haki yako kupewa. Uliza NSSF kama jina lako lipo. Chama chenu kipo, kinaitwa CHODAWU, cha wafanyakazi wa hifadhi, hoteli, majumbani na huduma za jamii, na mkiwa wengi ndani yake sauti yenu itafika mbali kuliko ya mmoja anayelalamika kaunta. Mkishindwa kuelewana na tajiri, nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hapa hapa Dodoma, mkiwa na daftari hilo. Ila angalieni siku: lalamiko la kufukuzwa kazi lifikishwe ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Kwa hiyo ukiachishwa Julai na kuambiwa usubiri hadi Bunge lirudi, usisubiri.